Watoto wa Kiilu

Mtoto alipanda kwenye mizani mwenyewe. Hakuna aliyemwona akipenya katikati ya miguu ya watu waliopanga foleni ya posho. Walichoona ni ile sahani ya chuma iliyozoea magunia ya unga, na juu yake msichana wa miaka mitatu hivi, miguu mitupu, amekaa kitako na mikono juu ya magoti, akingoja apimwe. Watu waliangua kicheko. Hata Tobias Ogada, mpimaji wa posho, ambaye siku ya Jumamosi hakuwa mtu wa kucheka hovyo, aliweka penseli chini.

"Haya, ratili thelathini," alisema baada ya kusogeza kijiwe cha mizani. "Mzigo wa nani huu?"

Msichana alidhani ameulizwa kweli, naye akajibu kama alivyofundishwa kumjibu mtu mzima anayetaka kumjua. Alitaja jina lake, Mwende, kisha akasema kwa sauti iliyofika mwisho wa foleni kwamba yeye ni mtoto wa Kiilu.

Nduku, mjane wa Kiilu, alikuja mbio akamshusha, akaomba radhi, akapokea unga na maharagwe yake ya wiki, akaenda zake. Foleni ikasonga. Wakamba waliokuwepo, na walikuwa wengi, walikuwa bado wanacheka kile kioja cha mizani. Tobias peke yake ndiye aliyebaki ameduwaa. Yeye alikuwa mmoja wa wanaume wanne walioutoa mwili wa Kiilu kwenye mashine ya kukamua mkonge, na hiyo ilikuwa mwaka wa 1949. Sasa ulikuwa mwaka wa 1957. Hesabu ya mtoto wa miaka mitatu haikumhitaji mtu aliyesoma sana.

Kiwanda kile kilikuwa nje kidogo ya Ruiru, katikati ya mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari hadi macho yakachoka. Kilikuwa na mambo yake mengi mabaya, ila kilikuwa na desturi moja ambayo hata wafanyakazi wenye midomo mikali waliisifu. Mtu akifa kazini, mjane wake aliachiwa chumba katika landhi, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, yeye na watoto wa marehemu, na kila Jumamosi walipimiwa posho mpaka mtoto wa mwisho atimize miaka kumi na sita. Kwa Nduku desturi hiyo ilikuwa imefuatwa bila maswali. Karani wa zamani aliandika watoto wake kila walipoongezeka, kisha Hali ya Hatari ikamchukua yeye na wenzake kwenye malori mwaka wa 1954, na waliokuja baada yake walinakili tu orodha waliyoikuta. Tobias alikuwa akisoma "watoto wawili" kila wiki, na akilini mwake aliwaona wakubwa, wenye ndevu zinazochomoza, wako kwao Ngoliba wanachunga mbuzi. Hakuwa amewahi kuwatia machoni. Ni ukame wa mwaka huo uliowaleta landhini siku chache tu zilizopita, pamoja na mwanamke kijana mwenye maneno machache ambaye Tobias alimchukulia kuwa yaya.

Pengine angelinyamaza, kama si mambo mawili.

La kwanza lilikuwa Bwana Kalamu. Huyu alikuwa Mzungu mpya katika ofisi kubwa ya kampuni kule Thika, na aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na kalamu mbili mfukoni na ya tatu nyuma ya sikio. Kwanza kabisa alitaka kusafisha orodha ya posho. Kila mjane alitakiwa ajaziwe fomu, na kila fomu ishuhudiwe na jirani anayejua kusoma. Jirani atakayetia sahihi yake kwenye uongo, ilisema karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa stoo, ataachishwa kazi pamoja na aliyesema uongo. Jirani wa Nduku aliyejua kusoma alikuwa mmoja tu, Tobias mwenyewe, na ukuta wa mabati uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba aliwahi kumwambia "pole" alipopiga chafya.

La pili lilikuwa chumba. Tobias alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano, na alikuwa analala chumba kimoja na wanaume wawili wengine. Mkewe Aoko alikuwa Nyanza na watoto watatu. Barua yake ya mwisho, iliyoandikwa na mwalimu wa shule lakini yenye ulimi wake Aoko mwenyewe, ilisema watoto wameanza kumwita baba yao mgeni wa Krismasi. Tobias aliisoma barua hiyo mara nyingi, na kila mara alicheka pale pale, na kila mara kicheko kiliisha vibaya.

Bedan Kagwe, karani mkuu, alilijua hilo. Alimpa fomu ya Nduku kwa vidole viwili na kusema, bila kumtazama, "Chumba kikipatikana ni chako, Tobias. Nimeshaandika. Lakini mimi siwezi kutengeneza chumba kwa udongo. Mtu atoke, mtu aingie."

"Nani atatoka?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndio jirani."

Hapo ndipo shida ya Tobias ilipoanzia, kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu na alijua kwamba alikuwa mwaminifu. Alikuwa mzee wa kanisa. Katika miaka kumi ya kupima unga hakuwahi kutia kidole kwenye mizani, wala kumfaidisha rafiki, wala kumpunja mtu aliyemtukana. Kusema ukweli kuhusu Nduku kungekuwa jambo dogo kwake siku nyingine yoyote. Lakini sasa kila alipoutazama ukweli huo, nyuma yake aliona kitanda cha Aoko, na hakuweza tena kupambanua ni kipi kati ya hivyo viwili kinachomsukuma. Jambo hilo lilimuudhi sana. Aliona kama ameibiwa haki ya kuwa mtu mwema.

Asubuhi ya Jumapili, kabla ya ibada, alipita kwa Waithira kunywa uji. Waithira aliuza uji karibu na lango la landhi, mwanamke wa Kikuyu mwenye maneno mafupi, aliyeruhusiwa kuwa hapo kwa kibali kilichochakaa kwa kuonyeshwa. Watu walipenda uji wake na waliogopa macho yake.

"Mama," Tobias alianza, akizungusha kikombe, "mtu akijua mwenzake anakula kitu si chake, afanye nini?"

Waithira alikoroga sufuria kwa muda. "Unajua bwanangu Ndung'u alichukuliwa vipi?"

"Nilisikia ni ule msako."

"Tulipangwa mstari huko Thika. Wakaleta mtu amevaa gunia, kichwa mpaka magoti, mashimo mawili tu ya macho. Anapita, anaangalia. Akitikisa kichwa hivi, umeenda. Alifika kwa Ndung'u, akatikisa." Alifunika sufuria. "Uso sikuuona. Viatu niliviona. Soli ya kushoto ilishonwa na kipande cha tairi, na mimi nilikuwa naona hiyo soli kila siku, kwa sababu ilikuwa inatoka nyumba ya pili."

Tobias aliacha kuzungusha kikombe.

"Huyo mtu hupita hapa mpaka leo," Waithira aliendelea. "Hununua uji. Namuuzia. Ndung'u yuko kizuizini Manyani mwaka wa tatu. Sasa wewe usiniambie ni nani unataka kusema, sitaki kujua. Lakini ukitaka kusema mtu, kwanza nenda akuone uso. Hiyo tu. Uji ni senti kumi."

Tobias alilipa akaenda kanisani, na mahubiri yalimpita. Alikuwa akiwaza kwamba kwenda kwa Bedan na neno moja la pembeni ndilo jambo alilokuwa amekusudia kufanya, na kwamba ingekuwa rahisi sana.

Alasiri alibisha hodi mlango wa pili.

Nduku alikuwa ameketi kizingitini anasuka kiondo, nyuzi za mkonge zimejaa mapajani. Sita kati ya siku saba za juma alishinda katika chumba cha brashi, ambako singa, zile nyuzi za mkonge, hupigwa zikawa laini na vumbi lake huwafanya watu wakohoe usiku kucha. Wanaume walikuwa wakikimbia chumba kile baada ya mwaka. Nduku alikuwa na miaka minane humo, na robota zake za singa hazikurudishwa kwa kasoro hata siku moja. Siku ya saba, badala ya kupumzika, alisuka. Tobias alijua hayo yote kwa muda mrefu, kama mtu ajuavyo saa ya king'ora, bila kuyatilia maanani.

"Karibu, karani," alisema, ingawa Tobias hakuwa karani. "Syombua, leta kigoda cha jirani."

Yule kijana aliyedhaniwa yaya alitoka na kigoda, akasalimu kwa heshima, akarudi kwenye jiko lake. Kisilu, mvulana wa miaka sita, alikuwa anamfukuza Mwende kuizunguka nyumba.

"Nimekuja na fomu ya Bwana Kalamu," Tobias alisema. "Kuna maswali."

"Uliza."

"Huyu dada ni nani wako?"

"Syombua? Ni mke wangu."

Tobias alitabasamu. Kiswahili cha Nduku kilikuwa cha kujifunzia kazini, na si mara ya kwanza neno kumponyoka. "Unataka kusema mke mwenzako. Mmeolewa nyinyi wawili na Kiilu."

"Mwenzangu vipi? Kiilu alikufa kabla huyu hajafika. Nimesema mke wangu. Nimemwoa mimi."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya Syombua akijizuia kucheka.

"Wewe ni mwanamke," alisema Tobias.

"Eee, hilo najua." Nduku aliendelea kusuka. "Sikiliza, baba. Mimi na Kiilu hatukupata mtoto. Miaka tisa. Alikufa hana mtu wa kutaja jina yake, na boma yake Ngoliba ingeota nyasi. Kampuni ilinipa pesa ya kifo. Watu wa kwetu wakasema, nunua shamba, nunua cherehani. Mimi nikanunua mbuzi, nikapeleka kwa kina Syombua na pombe na kila kitu, nikaoa. Nimemwolea Kiilu mke. Kwetu tunaita iweto, na hakuna mtu anashangaa isipokuwa wewe."

"Na watoto, baba yao ni nani?"

"Kiilu."

"Nauliza aliyezaa."

"Aliyezaa ni Syombua. Umeona wapi mwanaume akizaa?"

Safari hii Syombua alicheka waziwazi. Tobias alihisi masikio yakipata moto, akangoja kicheko kipite.

"Mama Kisilu," alisema taratibu, "kuna mwanaume mahali."

"Yuko. Ni mtu mzuri, tulimchagua. Lakini katika hii maneno hana jina, na yeye mwenyewe anajua hana. Alikuja kusaidia boma ya mtu, si kujenga yake." Aliweka kiondo chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama moja kwa moja. "Wewe unafikiri mimi naiba posho."

Ndicho alichofikiri. Alikuwa na uso wazi mbele yake, kama alivyoambiwa na Waithira, na akagundua kwamba uso ulio wazi hausaidii kusema jambo. Unasaidia tu mtu asiweze kulisema kwa uongo.

"Bwana Kalamu atafikiri hivyo," alijibu. "Ataona 1949, ataona mtoto wa miaka mitatu, atakuandama. Nimefikiria. Kisilu tunaweza kumwandika miaka tisa. Mwende tunaweza kumwacha kabisa, asiandikwe..."

"Hapana."

"Ni njia ya kukusaidia."

"Ya kunisaidia kuwa mwizi." Hakupaza sauti. "Karani, sasa hivi mimi sina kitu ya kuficha. Ukiandika miaka tisa, leo ndio nitaanza kuficha. Andika miaka sita na miaka mitatu. Andika ni watoto wa Kiilu, kwa sababu ni wa Kiilu. Ukiona si wa Kiilu, andika hivyo pia, mkono ni wako. Lakini usimkate Mwende kwa karatasi. Huyo tumemwombea sana."

Tobias alirudi kwake na fomu mkononi na hasira kidogo moyoni, hasira ya mtu aliyepeleka msaada ukakataliwa. Wenzake walikuwa wamekwenda kuangalia mpira. Alifungua mlango kupata mwanga, akageuza sanduku lake la nguo kuwa meza, akakaa. Aliamua kumaliza jambo hilo kabla jua halijashuka. Angeandika ukweli kama alivyoujua yeye, kwamba watoto hawakuzaliwa na marehemu, na chumba kingekuwa matokeo tu, si sababu. Alijiambia hivyo mara mbili. Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa mzito, akaanza na sehemu nyepesi, ile ya chini, ya habari za shahidi mwenyewe.

Jina la shahidi. Akaandika: Tobias Ogada.

Mwaka wa kuzaliwa. Akaandika 1922, kama ulivyo katika kitabu cha misheni.

Jina la baba. Ogada.

Yu hai au amekufa. Amekufa.

Mwaka gani. Akaandika 1917, kwa sababu kila mtu kwao aliujua mwaka huo. Ogada alichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi katika vita vya Wajerumani, na alifia njiani upande wa Tanganyika, na habari zake zililetwa na mwenzake aliyerudi na blanketi lake.

Aliupuliza wino ukauke. Macho yake yalikuwa yamezoea kupitia safu za tarakimu, na yalifanya kazi yao bila kuombwa. Yaliona 1922. Yaliona 1917. Yakarudi juu.

Aliiweka kalamu chini polepole sana.

Si kwamba hakujua. Kila mtu alijua, na hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulisema. Mama yake alirithiwa na Odera, mdogo wake Ogada, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo, na watoto waliozaliwa nyumbani mwa Ogada walikuwa wa Ogada. Tobias alikua akiliita kaburi lisilo na mwili kaburi la baba. Alibatizwa kwa jina hilo, akaoa kwa jina hilo, na mifugo yake ya mahari ilitoka katika zizi la jina hilo. Hata siku moja hakuona ndani yake kitu cha kuhesabiwa. Ilibidi Mzungu mwenye kalamu tatu achore mistari kwenye karatasi ndipo miaka miwili iliyoishi pamoja kwa amani itazamane.

Alifikiri kuhusu Odera. Alimwona alfajiri za mvua ya kwanza, akiingiza jembe la ng'ombe kwenye shamba la mama yake Tobias kabla hajaligusa lake mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. Alimwona akiezeka upya nyumba ya Ogada. Alikumbuka siku alipofaulu mtihani wa shule ya misheni, na wazee wakamwambia Odera, "Kijana wako ametutoa aibu," naye Odera akawasahihisha palepale, bila haraka, "Kijana wa Ogada." Wakati ule Tobias alidhani mzee anarekebisha jina tu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakujua kwamba mbele yake mtu alikuwa ametoa kitu kikubwa kuliko ng'ombe, akakitoa kwa utulivu hivyo, na kwamba alikuwa akikitoa kila siku.

Tobias alilia kidogo, kisha akaona aibu, kisha akaona hakuna wa kumwonea aibu. Ng'ambo ya ukuta wa mabati Mwende alikuwa akifundishwa wimbo wa Kikamba na sauti mbili za kike, ile nzito na ile nyembamba.

Akaandika. Kisilu, miaka sita. Mwende, miaka mitatu. Pale palipoandikwa "maelezo ya shahidi" aliandika kwa mwandiko wake mzuri wa misheni: Hawa ni watoto wa marehemu Kiilu. Wamezaliwa na mke aliyeolewa kwa ajili yake baada ya kufa kwake, kwa desturi ya watu wake. Nawajua. Nashuhudia. Akatia sahihi, na alipotia sahihi alijua kwamba Aoko hatakuja mwaka huu, na uchungu wa jambo hilo ulimfika mwili mzima. Hakujidanganya kwamba haumuumi.

Jumatatu lori la kampuni lilimpeleka Thika na fomu zote za landhi. Bwana Kalamu alizipitia moja moja, huku Tobias amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Alipofika ya Nduku alisimama.

"Hii baba nakufa ine-tisa," alisema kwa Kiswahili chake, akimaanisha arobaini na tisa. "Mtoto nazaliwa hamsini na ine. Wewe naandika?"

"Mimi, bwana."

"Mtu nakufa, halafu nazaa?"

"Ndiyo, bwana. Wakamba wana njia yao. Nimeandika hapo chini."

Bwana Kalamu alisoma hapo chini. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha jicho lake, ambalo nalo lilikuwa jicho la tarakimu, likateleza hadi habari za shahidi, na Tobias akaliona likifika. Likasimama. Likapanda. Mzungu alifungua vidole vya mkono wake mmoja juu ya meza, vitano, akavitazama.

"Na wewe?"

"Na mimi, bwana."

"Baba yako ni nani?"

Kulikuwa na majibu mengi ambayo yangemfurahisha Bwana Kalamu na kuyamaliza mambo haraka. Tobias aliyaona yote.

"Ogada," alisema.

Bwana Kalamu alitoa kalamu nyuma ya sikio, akaishikilia juu ya karatasi kwa muda, akairudisha bila kuandika kitu. Alisema jambo hilo si lake, atauliza wakubwa wake Nairobi, na mpaka jibu lije yule mwanamke aendelee kupimiwa. Kisha akaongeza, na hapo Kiswahili chake kilikuwa safi, kwamba jibu likiwa hapana, Tobias na mwanamke huyo wataondoka pamoja siku hiyo hiyo.

"Sawa, bwana," alisema Tobias, akavaa kofia yake akatoka.

Bedan alizipata habari kabla lori halijazimwa. "Chumba umekitupa mwenyewe," alimwambia pale stoo. "Kikipatikana kingine nampa Barasa wa boila. Usije ukanililia." Hakukuwa na uadui katika sauti yake, ila mshangao tu wa mtu aliyeona mwenzake akimwaga maji wakati wa kiu.

Nduku alikuwa ametoka kazini, nywele nyeupe kwa vumbi la singa. Alimngoja Tobias mlangoni lakini hakumkimbilia.

"Wamesemaje?"

"Wamesema tungoje."

"Na uliandika nini?"

"Ulivyosema."

"Mimi nilisema andika unachoona."

"Ndicho nilichoona."

Macho ya Nduku yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa hivyo kila jioni. "Sasa unataka nikupigie vigelegele kwa kuandika ukweli?" aliuliza, na Syombua akacheka ndani, na Tobias naye akacheka, kicheko cha kwanza tangu Jumamosi. Alimweleza kwa maneno machache kilichotokea ofisini, na swali aliloulizwa, na kwa nini liliulizwa. Nduku alisikiliza hadi mwisho.

"Baba yako aliitwa nani, umesema?"

"Ogada."

"Ogada," Nduku alirudia, na ulimi wa Kikamba ukalipindisha jina kidogo. Akalirudia tena mpaka likanyooka. Kisha akaingia ndani kuosha vumbi.

Mwanga wa jioni ulikuwa bado unatosha. Tobias aligeuza sanduku lake akatoa karatasi. Barua ya kwenda kwa Aoko aliiandika haraka kwa kuwa ilikuwa na habari mbaya, na habari mbaya hazipendi mapambo. Alimwambia hakuna chumba, na kwamba kwa nini hakuna atamweleza mdomo kwa mdomo, na kwamba akimaliza kumsikiliza anaweza kumpiga na mwiko. Aliwasalimu watoto kwa majina yao yote matatu.

Kisha akachukua karatasi ya pili, na hiyo ilimshinda kwa muda mrefu. Hakuwa amewahi kumwandikia mzee Odera barua peke yake. Siku zote alimsalimu mwishoni mwa barua za wengine. Alianza na neno "Baba," akalitazama, na alijua kwamba mzee mwenyewe angelikataa, angemwambia mwalimu anayemsomea arudi nyuma asome vizuri. Akachana karatasi. Akaanza upya, kwa wino na kwa mkono ambao sasa haukuwa mzito.

Baba mdogo Odera, nakusalimu sana. Ni mimi Tobias wa Ogada. Sina shida yoyote, usiogope kuona barua. Nimeandika kukushukuru kwa yote uliyomfanyia baba yangu.